Nyumba ya Wageni Iliyohama

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza na mgumu kuutetea. Unapewa ramani na dira, unaonyeshwa msitu, unaambiwa uingie peke yako. Humo ndani kuna vituo vilivyowekwa alama kwenye ramani. Unavitafuta kimoja baada ya kingine, kila kituo unagongewa muhuri kwenye kadi yako, kisha unatoka. Anayetoka mapema akiwa na mihuri yote ameshinda. Nilipomweleza mama yangu mara ya kwanza, aliuliza mtu huyo amepoteza nini huko msituni. Nikamwambia hajapoteza kitu. Akaniuliza kama siku hizi ninakula vizuri.

Nilijiunga na klabu kwa sababu ya Mwalimu. Alinifundisha jiografia kidato cha tatu, na tangu nimalize shule sikuwahi kukaa mahali pamoja. Nimeishi Kahama, nimeishi Geita, Kigoma, Mwanza mara mbili, na kila nilikokaa nilikuwa nakumbuka nilikotoka, hata kama nilikotoka nilikuwa nimepachoka. Sasa nafanya kazi Rusumo, nazungusha nyaraka za malori kati ya mawakala wa forodha na maofisa, na jioni narudi Ngara mjini. Malori yanavuka daraja, mimi nabaki. Siku Mwalimu aliponikuta stendi, akiwa amestaafu na anatembelea fimbo, sikuwa nimemwona kwa miaka mingi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyezunguka nchi nzima?"

"Siyo nzima, Mwalimu."

"Ulikuwa unatumia ramani?"

"Hapana."

"Ndiyo maana umerudi hapa hapa," akasema, na wiki iliyofuata nikawa mwanachama.

Mwanzoni tulijaribu mchezo huu Ngara kwenyewe. Haukuwezekana. Ngara hakuna mahali pasipo na makazi ya mtu. Ukishuka kilima umeingia kwenye migomba ya fulani, ukipanda cha pili umetokea uani kwa mwingine. Na uani kwa mtu hupiti ukikimbia. Unasimama, unasalimia, unaulizwa habari za nyumbani, za mgonjwa, za mvua ya kwenu, na ikiwa jua limepanda unaletewa kigoda. Mshindi wa siku ile alirudi jua likizama akiwa amejitwika mkungu wa ndizi aliopewa njiani. Aliyekuwa wa mwisho alilala huko huko, akatuletea kadi yake kesho yake baada ya misa.

Tulihitaji mahali pasipo na watu. Upande wa Burigi hapakuwa na watu, lakini palikuwa na nyati, na nyati wana hifadhi yao. Ndipo Mwalimu akasikia habari za shamba la miti upande wa Biharamulo, misonobari iliyopandwa kwa mistari, barabara za vumbi, vijito, geti moja na meneja mmoja. Akapanda basi akaenda kumwona.

Meneja alikuwa mtu wa Nyanda za Juu, mpole, mwenye uso wa kuamka mapema. Muda mfupi kabla ya hapo waokota uyoga walikuwa wamepotea humo ndani, wakatafutwa usiku kucha, na simu za wakubwa zote zilipigwa kwake. Alimsikiliza Mwalimu mpaka mwisho. Kisha akampa sharti.

"Kila mtu awe nje ya geti kabla ya saa kumi na mbili jioni. Akibaki ndani hata mmoja, msirudi tena."

Mwalimu alilirudia sharti hilo kwetu katika kila mkutano, kwa sauti ile ile aliyotumia zamani kututajia mito mikubwa ya Afrika. Hakuwa na mahali pengine. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, mwenyewe hakimbii, lakini ramani ya msitu ule aliichora kwa mkono, kijito kwa kijito, akiwa ameketi nyuma ya pikipiki na daftari mapajani. "Tukifukuzwa pale," aliniambia siku moja, "nitabaki na kwaya. Na kwaya hawanitaki. Naimba kama beberu."

Katika jaribio la kwanza humo msituni, lililofanyika kiangazi, tulifunga vitambaa vyekundu na vyeupe kwenye miti kuwa alama za vituo. Pembeni ya msitu wanakaa wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga na Mwanza. Wazee wao walipoona vitambaa hivyo walikwenda ofisini kwa meneja, kwa utaratibu mzuri kabisa, kuuliza ni nani aliyeufunga msitu kwa dawa na anataka nini. Lilikuwa swali la haki. Meneja alituita sisi, na jibu letu lilikuwa refu mno. Kufika mchana hakuna aliyetaka kupita chini ya miti ile, wakiwemo nusu ya wanachama wetu.

Mwalimu akaamua kwamba kuanzia hapo kituo kitakuwa mtu. Mtu atasimama mahali palipowekwa alama kwenye ramani, amejifunga kitambaa begani, ana muhuri mkononi. Kitambaa kikiwa begani mwa mtu hakuna anayekihoji.

Basi ikaja Krismasi ya mwaka juzi. Mashindano yalipangwa siku ya pili yake, na kwa kuwa ni sikukuu, Mwalimu alivipa vituo majina: Nazareti, Nyumba ya Wageni, Nyota, Wachungaji, na mwisho, pale getini, Hori, ambako kungekuwa na supu ya mbuzi. Mihuri tuliichonga kwa viazi vitamu. Kituo cha Wachungaji alipewa mwanachama wetu Msukuma, mfugaji kweli, ambaye alikataa shuka tuliyomletea kwa sababu alikuwa nayo ya kwake iliyo nzuri zaidi. Nyota alipewa mama anayeuza mitumba soko la Ngara. Nyumba ya Wageni alipewa mama mmoja wa Kibimba, mkulima, mwanakwaya, mtu wa makamo mwenye mwili na kicheko.

Kazi yake ilikuwa ndogo. Tuliifanyia mazoezi uani kwa Mwalimu.

"Mshindani akifika," Mwalimu akasema, "wewe unamwambia, 'Hakuna nafasi.' Unagonga muhuri. Anaondoka."

"Anaondoka kwenda wapi?"

"Nyota."

"Na njaa yake?"

"Mama, haya ni mashindano."

"Siku ya pili ya Krismasi."

"Jaribu tu kusema."

Mama akanyoosha kitenge chake, akatazama chini, akasema "Hakuna nafasi" kwa sauti ya mtu anayeleta taarifa ya msiba. Halafu akaongeza, "Lakini pitia jikoni."

Mwalimu akamwambia imetosha, ataizoea.

Siku yenyewe tulikodi lori tukatoka Ngara alfajiri, tukapita Kasulo, Nyakahura, Lusahunga, wanakwaya wakiimba nyimbo za Noeli na madereva wa bodaboda wakiitikia wasipotakiwa. Zamani, enzi za majambazi, ukipita njia ile ulisubiri kwanza magari yakusanyike, polisi wenye bunduki wakae mbele na nyuma, ndipo mwondoke. Nilikuwa kijana, na naona aibu kusema kwamba ninazikumbuka kwa hamu safari zile, jinsi watu wasiojuana walivyogawana karanga kwa hofu. Sasa barabara ni salama na kila mtu anatazama simu yake.

Getini tulimkuta meneja peke yake na mlinzi wake. Familia yake ilikuwa Njombe. Alikuwa na kiti cha plastiki, redio, na kufuli kubwa aliyokuwa akiipitisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Saa kumi na mbili," akasema.

"Saa kumi na mbili," Mwalimu akajibu. Hakuna aliyemtakia mwenzake Krismasi njema.

Mimi nilipewa kazi ya kuwapanga watu vituoni asubuhi. Mwalimu alisema mtu aliyezunguka kama mimi anafaa, na sikujua kama ananisifu. Nyumba ya Wageni ilikuwa mahali njia inapovuka kijito, penye tanuri la mkaa lililoachwa zamani, nyasi zimeota juu yake. Nikamwacha mama wa Kibimba pale na kitambaa chake begani. Nilipogeuka nilimwona akitandika mkeka. Kisha akafungua kikapu akatoa chupa ya chai, vikombe, karanga, na ndizi zisizo na idadi ya kueleweka.

"Mama, hivyo vyote vya nani?"

"Vya kwangu. Nitakaa hapa siku nzima, au sivyo?"

Nilitosheka na jibu hilo. Nilikuwa na vituo vingine vya kupanga.

Washindani waliachiwa mmoja mmoja. Wengi wao hawakupenda sehemu ya kwenda peke yao. Muuguzi mmoja wa Ngara aliuliza mara mbili kama hawezi kumsubiri mwenzake getini tu, na dereva wa bodaboda mmoja akasema katika maisha yake yote hajawahi kuingia msituni bila sababu. Mmoja tu ndiye aliyeingia kwa furaha. Alikuwa kijana mpima ardhi kutoka Mwanza, mgeni wetu, aliyekuja Biharamulo kikazi na kusikia habari zetu gesti. Alikuwa na viatu vya mchezo vyenyewe, dira ya kufunga kidoleni, na kadi ameining'iniza shingoni ndani ya mfuko wa nailoni. Aliisoma ramani ya Mwalimu kwa muda mrefu, akamwambia, "Hii ni kazi safi." Mwalimu akageuka upande mwingine, akajifanya anatafuta fimbo aliyokuwa ameishika.

Saa saba hivi akatoka mtu wa kwanza, yule muuguzi. Hakuwa peke yake. Alikuwa na mfugaji wetu, shuka yake begani, muhuri wa kondoo mkononi.

"Nimemleta," mfugaji akasema.

"Umemleta kutoka wapi?" Mwalimu akauliza.

"Kutoka pale nilipokuwa."

"Na pale ulipokuwa sasa kuna nani?"

Mfugaji akafikiri. "Hakuna mtu," akasema. "Lakini huyu dada alikuwa peke yake, Mwalimu. Ningemwacha tu aondoke hivi hivi?"

Mwalimu akamwelekeza arudi haraka. Akarudi. Alipokuwa anarudi alikutana na mshindani mwingine, na kwa kuwa walikutana, akageuka naye. Walipotoka, nyuma yao alikuwa anakuja kituo cha Nazareti, fundi cherehani mmoja mzee, amemshika mkono dereva wa bodaboda na anamwonyesha mahali pa kukanyaga. Ramani nzima ilikuwa inatoka msituni kwa miguu.

Nikamtazama meneja. Alikuwa amepunguza sauti ya redio.

"Hao waliovaa vitambaa," akaniuliza, "si ndio wanaotakiwa kutafutwa?"

"Ndiyo."

"Na wanaotafuta?"

"Ndio hao walio nao."

"Sawa," akasema, akaongeza sauti.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyekusudia kuharibu mchezo. Huku kwetu mtu akija ulipo, humwachi aondoke peke yake. Unainuka, unatoka naye, unafika naye mahali fulani, njia panda au mtoni, na mnaagana hapo. Mwalimu mwenyewe, na magoti yake, hajawahi kuniacha nifike barabarani bila yeye. Alikuwa ameandika kanuni za kukimbia, za kutupa taka, za kutokata miti. Kanuni ya kumwambia mtu abaki ameketi mgeni wake anapoinuka haikumjia kichwani, kwa sababu haimjii mtu yeyote.

Kufika saa kumi karibu wote walikuwa wanakunywa supu. Walibaki watatu ndani: mama wa Kibimba, mama wa mitumba, na kijana wa Mwanza. Simu humo hazishiki. Saa kumi na nusu Mwalimu aliacha kutazama barabara akaanza kunitazama mimi.

"Wewe ndiye uliyewapanga," akasema.

Nikaingia.

Kijana nilimkuta bila shida. Alikuwa ameketi juu ya tanuri la mkaa, pembeni ya kijito, ramani imekunjwa vizuri mapajani. Pale pale. Palikuwa na alama ya mkeka kwenye nyasi na maganda ya karanga.

"Kaka, umepotea?" nikamwuliza.

Akanitazama kama nimemtukania mzazi. "Mimi sijapotea. Nipo hapa," akaweka kidole kwenye ramani, kwenye duara dogo alilochora Mwalimu. "Kituo ndicho hakipo."

"Tangu lini uko hapa?"

"Tangu saa saba. Nazareti nayo sikuikuta, nikadhani nimekosea hatua. Nikarudi mpaka karibu na geti nikaanza upya. Nikafika tena pale pale, hakuna mtu. Hapa nikasema sirudi tena. Hapa ni sahihi. Nitasubiri."

"Hukuona mtu yeyote?"

"Nilisikia watu wanacheka, upande ule. Lakini upande ule ramani haina kitu."

"Tutoke, wewe. Meneja anafunga geti."

"Bila muhuri sitoki."

Nilimweleza habari ya sharti, ya Mwalimu, ya klabu. Alisikiliza kwa heshima zote. Akasema anaelewa, na anasikitika sana, lakini akitoka bila muhuri itaandikwa kwamba hakukipata kituo, na yeye amekipata. Nilibishana naye mpaka nikagundua kwamba jua linakwenda na kijana haendi. Nikamwambia asubiri, jambo alilokuwa tayari kulifanya, nikafuata upande wa kicheko.

Niliwakuta njiani, katikati ya Nyumba ya Wageni na Nyota, wanawake wawili wenye vitambaa begani, mkeka umekunjwa kichwani kwa mmoja, wanatembea taratibu kuelekea Nyota.

"Mama! Mnakwenda wapi?"

"Namrudisha mwenzangu," akasema mama wa Kibimba.

"Umrudishe wapi? Yeye si alitakiwa awe Nyota?"

"Alinirudisha mimi."

Ikabidi nisimame nielezwe. Mchana yule muuguzi alipofika kwenye mkeka, mama alimpa chai, akamgongea muhuri, akatoka naye mpaka Nyota. Pale Nyota mama wa mitumba akasema mwenzake hawezi kurudi peke yake njia yote ile, akatoka naye. Wakafika karibu na kijito. Mama wa Kibimba akaona si vizuri, mtu amekuja naye mpaka hapa halafu arudi peke yake katika msitu wa watu. Akageuka naye. Hivyo hivyo. Washindani waliokutana nao njiani waligongewa mihuri yote miwili papo hapo, wakapewa ndizi, na walishukuru.

"Kuna kijana amekaa kwenye kituo chako tangu mchana," nikasema. "Peke yake."

Sijawahi kuona mtu mzima akigeuka haraka vile. "Mgeni?" akasema. "Peke yake? Na wewe umemwacha?"

Tulirudi karibu kukimbia. Kijana alipomwona alisimama, akavuta kadi yake kutoka kwenye mfuko.

"Shikamoo, mama. Naomba muhuri."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza."

"Kwa kanuni unatakiwa uniambie hakuna nafasi."

"Nafasi ipo. Kaa."

"Mama," nikasema, "jua."

"Jua lipo hapo hapo. Huyu hajala."

Mkeka ukatandikwa. Chai ilikuwa imepoa, mama akaiombea radhi kana kwamba ni mtoto wake aliyekosa adabu. Kijana alitafuna ndizi moja akiwa na haraka, ya pili bila haraka. Mama wa mitumba alimwuliza Krismasi amekula wapi. Akasema gesti. Na nani? Na redio ya mapokezi. Wanawake wakatazamana. Akaongezewa karanga. Mimi nilikuwa nimesimama nikitazama mwanga unavyopanda kwenye vigogo vya misonobari, kutoka miguuni kwenda juu, nikawaza jinsi nitakavyomwambia Mwalimu. Niliwahi kuondoka miji mingi bila kuaga ili nisione sura za watu. Safari hii geti lilikuwa moja.

Mwishowe mama akagonga muhuri, taratibu, katikati ya kisanduku. Kijana akaupuliza ukauke. Kisha akasema anaelekea Nyota.

"Nyota ni mimi," akasema mama wa mitumba, akamgongea hapo hapo. Kijana akaangalia ramani, akaangalia muhuri, akataka kusema kitu, akatazama ndizi aliyokuwa nayo mkononi, akaimalizia.

Tulipofika getini saa kumi na mbili ilikuwa imepita. Haikupita sana, lakini ilikuwa imepita. Geti limefungwa, kufuli imeningʼinia, meneja amesimama na ufunguo. Wanachama wote walikuwa nje, mabakuli ya supu mikononi. Mwalimu alikuwa amekwisha kung'oa bango letu nguzoni na alikuwa analikunja, pembe kwa pembe, na kila alipomaliza alikuwa anakunjua aanze tena.

Meneja alifungua, tukatoka, akafunga nyuma yetu.

"Nani alipotea?" akauliza.

"Hakuna aliyepotea," akasema kijana, akamfungulia ramani. "Mimi nilikuwa hapa. Kuanzia saa saba."

Meneja aliitazama sana ile ramani. Anaujua msitu wake. Alifuata kijito kwa ukucha, akafika kwenye tanuri, akatikisa kichwa kukubali. "Hapa ni hapa kweli," akasema. "Sasa mbona hukutoka?"

"Nilikuwa nasubiri nyumba ya wageni irudi."

Meneja akaitazama ramani tena, akamrudishia.

"Mwalimu," meneja akasema, "nisaidie."

Mwalimu akamweleza, bila kupunguza kitu. Alieleza vituo, majina, nyumba ya wageni isiyo na nafasi, na wanawake wawili waliorudishana tangu mchana. Alipomaliza akasema, "Sharti ni lako, na tumechelewa. Sina la kujitetea." Akaliweka bango kwapani.

"Mimi ndiye niliyechelewesha," akasema mama wa Kibimba. "Niliambiwa nimwambie mtu hakuna nafasi. Wewe baba ungeweza?"

 Meneja aligeuza ufunguo mkononi. Akamtazama kijana, ambaye bado alikuwa na maganda ya karanga kwenye shati, akatazama kile kiti chake cha plastiki, akatazama sufuria ya supu. Kuna mtu akamjazia bakuli akampa, akalipokea, akawa na bakuli mkono huu na ufunguo mkono huu, na mkono wa kula hana. Ikabidi amkabidhi Mwalimu ufunguo.

Alikunywa amesimama. Kisha akasema, kwa sauti ya ofisini, "Kosa lenu ni upungufu wa watumishi."

"Naam?" akasema Mwalimu.

"Kituo kimoja, mtu mmoja. Mtu mmoja akitoka na mgeni, kituo kinabaki wazi. Mwakani wekeni wawili. Mmoja wa kukaa, mmoja wa kusindikiza."

Nilimsikia Mwalimu akivuta pumzi kwa neno lile "mwakani." Alishika fimbo kwa mikono yote miwili, ufunguo wa watu ukiwa umebanwa humo viganjani.

"Na huyo wa kusindikiza," akauliza mama wa Kibimba, "nani atamrudisha?"

Meneja akafikiri kwa dhati. Niliona kwamba swali limemwingia.

"Watatu," akasema.

"Meneja," Mwalimu akasema polepole, kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja, "klabu haina watu wengi hivyo. Nikiweka watatu kila kituo, hatabaki mtu wa kukimbia."

"Basi wasikimbie," akasema meneja, na akanyoosha bakuli aongezewe.